Samaki, Shaba na Mayai

Bwana Mhariri ameniomba nijaze kurasa chache za sayansi katika sehemu hii ya Kiswahili, nami nimechagua swali ambalo vijana huniuliza karibu kila mwaka. Husema hivi: "Mwalimu, tunaambiwa maji yatokayo Kilembe yana shaba, nayo shaba ni sumu kwa samaki. Mbona basi ngege wa Ziwa George wanauzwa sokoni wanene kabisa? Kama maji yana sumu, si wangekwisha zamani?" Swali ni zuri, lakini lina mtego ndani yake. Kuishi kwa samaki ni jambo moja, na kuzaa kwake ni jambo jingine. Mwili wa samaki una namna ya ajabu ya kujikinga na metali, hata aweza kunenepa mahali ambapo tungedhani hawezi kukaa. Lakini kinga hiyo ina gharama yake, na mara nyingi gharama hailipwi na samaki mwenyewe bali na mayai yake.

Kwa wanafunzi wa zamani ambao sasa wako mbali na huku, nakumbusha kwamba mgodi wa Kilembe uko katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na tangu mwaka huo shaba ilichimbwa hadi 1982. Mawe yalisagwa, shaba ikatengwa, na mchanga uliobaki ukarundikwa bondeni kando ya mto. Huko Kasese nako palirundikwa pairiti, yaani jiwe la chuma na salfa, lenye kobalti ndani yake. Rundo lake lilifika tani milioni moja hivi. Pairiti ikikaa kavu haina neno. Ikipata hewa na mvua hutoa asidi, na bakteria wanaojilisha kwa chuma na salfa huiharakisha kazi hiyo. Asidi huyeyusha shaba, kobalti na nikeli, na maji huzichukua. Ndiyo sababu chini ya rundo lile, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, palikuwa na ukanda mrefu wa ardhi tupu usioota hata majani. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda kimoja kiliwatumia bakteria hao hao, safari hii ndani ya matangi, ili kuitoa kobalti katika rundo lile. (Adui wa mbugani akawa kibarua kiwandani!) Lakini mchanga wa machimbo kule bondeni ungalipo, na mto Nyamwamba ukifurika, kama ulivyofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, huubeba na kuupeleka chini.

Chini ndiko liliko ziwa. Ziwa George halina kina. Kwa wastani ni mita mbili na nusu tu, ambapo eneo lake ni kilomita za mraba 250 hivi. Maji yake ni ya kijani mwaka mzima kwa wingi wa vimelea vidogo vya mimea vinavyoelea, na ngege huvila hivyo. Kutoka hapo maji hupita katika mfereji wa Kazinga mpaka Ziwa Edward, ambalo twalishiriki na jirani zetu wa Kongo. Wala habari hii si ya kwetu peke yetu. Katika Katanga, mabaki ya viwanda vya shaba na kobalti vya Likasi hushuka katika bonde la mto Lufira, hadi Ziwa Tshangalele ambako watu huvua kila siku. Huko Zambia mto Kafue hupita katikati ya nchi ya migodi. Mwezi wa Februari 2025 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka karibu na Chambishi, maji ya asidi yakaingia mtoni, na samaki wakaelea wamekufa. Msiba wa namna hiyo kila mtu huuona na kuupigia kelele. Mimi nataka kueleza ule usioonekana.

Kwanza tusizihukumu metali zote pamoja. Shaba na zinki ni sehemu ya chakula, kwa samaki na kwa mtu. Pasipo shaba kidogo mwili hauwezi kuitumia hewa vizuri, na pasipo zinki mamia ya protini hupoteza umbo lake. Ni kiasi kinachogeuza chakula kuwa sumu. Kadimiamu, zebaki na risasi ni jamii nyingine: samaki hana kazi nazo hata kidogo. Lakini mlango wa mwili hauna macho. Kadimiamu hufanana na kalisi kwa ukubwa, kwa hiyo hupita katika matamvua kwa tundu lile lile la kalisi. Ikiisha kuingia ndani hujifanya zinki. Kadimiamu hupatikana zaidi mahali penye mawe ya zinki, kama Kipushi karibu na Lubumbashi, mgodi uliofungwa mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Kwetu Kilembe zilizo nyingi ni shaba na kobalti. Shaba ikizidi majini huumiza matamvua kwanza: huzuia samaki asiweze kunyonya chumvi kutoka majini, naye samaki wa maji baridi kila saa hupoteza chumvi na sharti airudishe. Akishindwa, hufa.

Basi, kwa nini hafi?

Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Marekani, Margoshes na Vallee, walitoa habari ya protini waliyoikuta katika figo ya farasi. Ilikuwa imeshika kadimiamu. Jambo hili lilistaajabisha, maana hakuna aliyeijua kadimiamu kuwa na makao yake maalumu mwilini. Mwaka 1960 Kägi na Vallee wakaipa jina la metalothionini. Nusu ya jina ni metali, na nusu ni neno la Kigiriki la salfa. Tangu hapo imeonekana katika wanyama wa kila namna: watu, ndege, samaki, hata konokono na minyoo.

Kila protini ni kama uzi wa shanga, na kila ushanga ni asidi amino moja. Nyuzi nyingi zina shanga mamia. Metalothionini ya samaki ni uzi mfupi sana, wa shanga 60 hivi, lakini 20 katika hizo ni za aina iitwayo sisteini, ambayo ina salfa. Salfa na metali hupendana. Msomaji afikirie kamba ya kutegea kambare, ile ndefu yenye ndoana nyingi: uzi ndio kamba, na salfa ndizo ndoana. Metali ikipita karibu hunaswa, uzi ukajikunja kuizunguka, hata mwisho uzi mmoja huwa umefungwa mafundo mawili, moja limeshika chembe 4 za zinki au kadimiamu na la pili limeshika 3. Jumla saba. Shaba yaweza kukaa humo kwa hesabu kubwa zaidi ya hiyo. Metali iliyonaswa haiwezi tena kuzurura ndani ya seli na kuharibu protini nyingine. Ipo, lakini imefungwa.

Ujanja wenyewe hasa ni huu. Katika hali ya kawaida ndoana hizi hazikai tupu. Zimeshika zinki, kwa kuwa metalothionini ni ghala ya zinki ya kila siku. Kadimiamu ikiingia, salfa huipenda kuliko zinki mara maelfu, basi zinki husukumwa nje na kadimiamu hukaa mahali pake. Zinki iliyofukuzwa huenda ikashikamana na protini nyingine ambayo kazi yake ni zamu tu: hungoja zinki izidi. Izidipo, huenda kwenye jeni ya metalothionini na kuiamsha, na uzi mpya mwingi hutengenezwa. Kwa hiyo kadimiamu, kwa kumfukuza mwenye nyumba, yenyewe hujipigia mbiu. Nimefundisha somo hili miaka mingi wala sijachoka nalo.

Lakini kazi hii yataka muda, saa kadhaa na hata siku. Metali ikija kidogo kidogo, ini na figo hupata nafasi ya kujitayarisha, na samaki aliyezoea hivyo huweza kuvumilia kiasi ambacho kingemwua mwenziwe aliyetolewa katika maji safi. Ikija yote kwa ghafula, kama katika mto Kafue, zamu haiwahi. Na kadimiamu iliyofungwa haitoki upesi. Katika figo ya mtu hukaa miaka kumi na zaidi, na samaki naye huibeba muda mrefu. Ndiyo maana ngege mnene si ushahidi wa maji safi. Huenda ni ushahidi wa ini linalofanya kazi mbili.

Kazi ya pili ya ini hilo ni mayai. Wengi hudhani yai la samaki hutengenezwa lote katika mfuko wa mayai. Sivyo. Majira ya kuzaa yakikaribia, mfuko wa mayai hutoa homoni iitwayo estrojeni, ikachukuliwa na damu mpaka kwenye ini. Ndani ya ini kuna protini inayoipokea homoni hiyo, na zikiisha kukutana huamsha jeni ya protini kubwa sana iitwayo vitelojenini. Ini huitengeneza kwa wingi, huimimina katika damu, na mayai machanga huinyonya, huikata vipande na kuihifadhi. Hicho ndicho kiini cha yai, chakula cha mtoto. Vitelojenini haisafiri mikono mitupu. Hubeba mafuta, fosfati, kalisi, na pia zinki. (Samaki dume naye ana jeni hiyo, ila imelala kwa kukosa homoni. Katika mito ya Uingereza iliyopokea maji machafu ya miji, madume walionekana kuwa na vitelojenini katika damu yao, kwa sababu maji yale yalikuwa na estrojeni. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Ngege wetu ana haja kubwa ya kiini kizuri kuliko samaki wengi. Kambare hutaga mayai maelfu kwa makumi, madogo, akayaacha. Ngege jike hutaga mia chache, au elfu na kitu akiwa mkubwa, kisha huyaokota yote kwa kinywa na kuyaatamia humo. Hayo mayai ni makubwa, na mtoto akianguliwa hukaa na mfuko wa kiini tumboni kwa siku kadhaa zaidi, angali kinywani mwa mama yake. Muda huo mama hali kitu, au hula kidogo sana. Akiba yote ya mtoto ni ile iliyopikwa katika ini kabla yai halijatagwa. Kama jiko lilikuwa na kasoro, hakuna pa kuongeza.

Sasa tuzikutanishe kazi hizo mbili. Wataalamu wa Sweden walifuata trauti majike kwa mwaka mzima, samaki wa jamii ile ile walioletwa katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Walipima zinki na metalothionini katika ini. Majira ya kutengeneza vitelojenini, zinki huongezeka katika ini kwa ajili ya kazi hiyo. Kazi inapokaribia kwisha, zinki iliyosalia hupokewa na metalothionini na kuwekwa salama. Yaani protini tuliyoizoea kuiita mlinzi wa sumu kumbe ni mtunza ghala wa uzazi. Wala hili si jambo la trauti tu. Katika miamba ya matumbawe kuna samaki wekundu wenye macho makubwa, watembezi wa usiku, wa jamii iitwayo Holocentridae. Hata katika pwani ya Afrika Mashariki wapo. Majike wao wana zinki katika ini kwa kiasi ambacho katika samaki mwingine tungesema amelishwa sumu, na sehemu kubwa imefungwa katika metalothionini. Hakuna mgodi karibu nao. Ni akiba wanayoihamisha kwenye mayai kwa kuibebesha vitelojenini. Madume wao hawana kitu hicho.

Kwa hiyo kadimiamu iingiapo katika ini la jike wakati huo, haingii katika ghala tupu. Huingia jikoni watu wakiwa kazini. Hufukuza zinki katika ndoana. Tena ile protini inayopokea estrojeni yenyewe hushikiliwa umbo lake na zinki, na kadimiamu huivuruga. Katika trauti kadimiamu imeonekana kuizuia protini hiyo isiamshe jeni ya vitelojenini. Samaki hakufa. Hakukonda, pengine. Ila damu yake imebeba kiini kidogo. Sitaki msomaji adhani matokeo huwa hayo kila mara. Kwa kiasi kingine, na katika seli za aina nyingine, kadimiamu imeonekana kuigiza estrojeni badala ya kuizuia. Lakini kuigiza nako ni kuvuruga, maana mwili huletewa habari ya majira ambayo hayajafika.

Zebaki yastahili maneno yake yenyewe, kwa sababu nchi hizi zetu zina wachimba dhahabu wengi wadogo wadogo, huko Geita, Migori, Busia na Mubende, ambao hukamata dhahabu kwa zebaki kisha huichoma. Zebaki ya chupani ikifika katika matope ya ziwa hubadilishwa na bakteria kuwa methili-zebaki, na hiyo ndiyo mbaya. Metalothionini haifai sana dhidi yake. Haiiti zamu kama kadimiamu inavyoiita, wala haifungwi vizuri. Hupanda kutoka kwa mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, ikiongezeka kila ngazi, na hukaa katika nyama yenyewe wala si katika ini tu. Marekani walilisha samaki wadogo wa maziwa chakula chenye methili-zebaki kwa kiasi kama kile kinachopatikana majini katika sehemu zilizochafuka. Samaki walikua kama wenzao, ungewatazama usingetambua. Lakini jozi zilizotaga zilikuwa chache, na estrojeni katika damu ya majike ilikuwa imeshuka. Wenye kukumbuka habari za Minamata, katika Japani, iliyojulikana rasmi mwaka 1956, watakumbuka pia kwamba kina mama wengine walikuwa na dalili chache tu, na watoto wao wakazaliwa na ugonjwa mzito. Mama na samaki si mamoja, lakini njia ya sumu kupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto ni ile ile.

Wako watu watakaosema: kama metalothionini yatosha kufunga shaba na kadimiamu, basi mpaka itakapojaa hakuna madhara. Zamani wataalamu wengi walifikiri hivyo, kwamba mlinzi hukinga yote hadi atakapozidiwa, ndipo sumu imwagike. Huko Rouyn-Noranda, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, kiwanda cha kuyeyusha shaba kimekuwako tangu mwaka 1927, na maziwa ya karibu nacho yamepokea shaba, zinki na kadimiamu kwa njia ya moshi. Samaki wa maziwa hayo walipopimwa, ilionekana kwamba hata wenye metali kidogo walikuwa na kadimiamu nje ya metalothionini, katika sehemu za seli zisizotakiwa kuwa nayo. Mlinzi alikuwa hajajaa, na mwivi alikuwa amekwisha pita. Katika maziwa yaliyochafuka zaidi samaki walikuwa na hali duni ya mwili, tena walishindwa kutoa homoni ya kukabili shida walipofadhaishwa. Samaki mwenye homoni zilizochoka hana nguvu za kuzaa vizuri. Kwangu mimi habari hii yaziba kinywa cha yeyote asemaye kwamba samaki wamezoea.

Hata yai likitoka zima, safari haijaisha. Mbegu za dume zingali tulivu ndani ya mwili. Zikiguswa na maji ya ziwa huamka na kuogelea kwa muda mfupi sana, mara nyingi haufiki hata dakika chache, na ndani ya muda huo sharti zikute kitundu cha yai. Shaba, zebaki au kadimiamu majini hupunguza mwendo na muda huo. Yai nalo lina ngozi ambayo yenyewe hunasa metali nyingi na kuzizuia nje, jambo jema. Katika yule samaki mdogo wa milia anayefugwa sana katika maabara, wamegundua kwamba mama huweka ndani ya yai maagizo ya kutengeneza metalothionini kabla mtoto hajawa na ini lake. Lakini siku ya kuanguliwa ngozi hubaki nyuma. Mtoto ana matamvua machanga, mwili mwembamba, na kiini chake tu. Katika maisha yote ya samaki, siku hizo za kwanza ndizo anazoumizwa na metali kwa kiasi kidogo kabisa.

Turudi Ziwa George. Haki yataka niseme pia yaliyo upande wa samaki. Mimea ile ya kijani huyafanya maji kuwa na magadi mengi mchana, na shaba katika maji ya namna hiyo hujishika na vitu vilivyooza au kuzama katika matope, isiweze kuingia katika matamvua kwa urahisi. Mafunjo kwenye midomo ya mito nayo huchuja mengi. Kama Nyamwamba na Rukoki zingemwaga katika ziwa lenye maji maangavu na laini, pengine hadithi ingekwisha zamani kwa ubaya. Lakini matope si kaburi. Ziwa la mita mbili na nusu huvurugwa na upepo wa alasiri, na kiboko akipita kifudifudi hufanya kazi ya jembe. Ngege dume huchimba bakuli lake la kutagia katika matope hayo hayo, karibu na ufuko, naye jike huokota mayai humo kwa kinywa. Chakula chake pia huchanganyika nayo.

Vilevile samaki wakipungua, si lazima iwe ni kosa la shaba. Nyavu za macho madogo na uvuvi katika mazalio humaliza ziwa upesi kuliko metali yoyote, na mvuvi wa Kasenyi au Mahyoro atakuambia hivyo bila kuwa na hadubini. Ndiyo sababu uzito wa samaki waliofika mwaloni hautufundishi kitu juu ya jambo hili. Mwaka wa mavuno mengi waweza kuwa mwaka wa watoto wachache, na hatutajua mpaka mwaka wa pili au wa tatu, wakati wale waliotakiwa kukua hawapo. Vijiji vya uvuvi kando ya ziwa hilo haviwezi kuongezwa mashamba, maana vimezungukwa na mbuga ya wanyama. Watu wa huko wana ziwa tu. Na habari za kuufungua tena mgodi wa Kilembe zimesikika mara nyingi. Mimi si adui wa mgodi, shaba ina kazi zake na vijana wetu wataka ajira. Nasema tu kwamba atakayeufungua apimwe kwa mayai pia, si kwa samaki waliokufa peke yao.

Kupima kwenyewe si kazi ya maabara kubwa tu. Kupima metalothionini yataka mashine na fedha, lakini shule yenye mizani nzuri yaweza kuanza. Mnunue ngege jike kutoka mahali pamoja, kila mwezi, wasiopungua ishirini. Mpime uzito wa samaki, kisha uzito wa mfuko wa mayai, kisha wa ini, na muandike katika daftari moja lisilopotea vijana wanapomaliza shule. Mhesabu mayai yaliyoiva na kuyapima upana wake. Mfanye vivyo hivyo kwa ngege wa mahali pengine pasipo na mgodi, kwa mwezi ule ule, maana namba za ziwa moja peke yake hazisemi neno. Jambo moja mjihadhari nalo: msimhesabie yule aliyekuwa akiatamia. Ngege anayeatamia akinaswa huyatema mayai yake wavuni au ndani ya mtumbwi, na akifika sokoni kinywa ni kitupu na mfuko wa mayai umenywea, ukadhani ni tasa. Mwulizeni mvuvi, alfajiri, kabla hajaosha mtumbwi wake.